Kusimulia Mambo Yaliyopita kwa Kichina

Watu wengi hudhani kwamba shida ya Kichina ni maandishi yake na sauti zake tu. Lakini mwanafunzi akitaka kusimulia aliyoyafanya jana, hukuta jambo jingine: kitenzi cha Kichina hakibadiliki. "Qù" ni kwenda, nayo ni "qù" ileile jana, leo na kesho.

Sisi tunazo "li" na "ka". Twasema, "Nilikwenda sokoni, nikanunua ndizi, nikarudi nyumbani." Ile "li" ya mwanzo yaonyesha wakati, na "ka" yayavuta mambo mengine nyuma yake. Mchina hana "ka". Yeye hutaja wakati kwanza, kisha huyafunga mambo kwa viunganishi: "Zuótiān wǒ xiān qù shìchǎng mǎile xiāngjiāo, ránhòu huí jiā le." "Zuótiān" ni jana, "xiān" ni kwanza, na "ránhòu" ni kisha.

Na hiyo "le", je? Wengine huidhania kuwa ndiyo "li" yetu. Sivyo. Hapo yaonyesha kwamba jambo limetimia, nalo laweza kuwa la kesho: "Míngtiān wǒ chīle fàn jiù qù," yaani, "Kesho nikisha kula nitakwenda."

Viunganishi navyo vina mipaka yake. "Ránhòu" hufaa kwa yaliyopita na kwa yajayo, lakini "hòulái", yaani baadaye, ni kwa yaliyopita tu. Ukitaka kusema "Baadaye nitakuja," usiitumie. Tena sisi twasema "baada ya kula", lakini Mchina huweka "baada" mwisho: "chī fàn yǐhòu".

Maneno yanayotaka uangalifu zaidi ni "jiù" na "cái". "Tā bā diǎn jiù lái le" maana yake alikuja saa 2, na msemaji aona ni mapema. "Tā bā diǎn cái lái" ni saa 2 ileile, lakini msemaji aona amechelewa. ("Bā" ni nane, kwa kuwa Wachina huhesabu saa tangu usiku wa manane.) Neno moja lamsifu mtu, la pili lamshtaki. Mkalimani asiyejua tofauti hiyo aweza kumharibia mtu jina, ijapokuwa saa aliyoitaja ni ya kweli.

Basi, wenzangu mnaojifunza lugha hii, kabla ya kuandika insha yapangeni mambo yenu kwanza kwa Kiswahili. Pigeni mstari chini ya kila "ka", kisha mjiulize ni neno gani la Kichina litakaloshika mahali pake. Si kila "ka" itakayohitaji neno, kwani mara nyingine mpango wa mambo peke yake hutosha. Lakini pale ambapo msomaji aweza kupotea, asijue lipi lilitangulia na lipi lilifuata, hapo kiunganishi hakina budi kuwapo.