Mashini ya kuchemsha maji bila tanki: tuangalie umeme kwanza

Ndugu wanamemba wa koperative,

Kisha kuuza mpunga na kakao, jamaa nyingi zinashuka Kisangani kununua vitu vya nyumba. Wengi wanatuuliza juu ya ile mashini ndogo ya bafuni yenye kuchemsha maji palepale: unafungua robine, maji yanatoka moto. Ni kitu kizuri. Kinapunguza makala, na mama haamuki tena usiku kuwasha mbabula juu ya maji ya watoto. Lakini mbele ya kutoa franga, tunashauri muangalie mambo matatu: nguvu ya umeme, nguvu ya maji, na usalama wa watu.

1. Nguvu ya umeme

Maji ya kwetu yako karibu digri 25. Maji ya kuoga yanataka digri 40 hivi. Mashini isiyo na tanki inapashwa kuongeza hizo digri 15 wakati maji yanapita tu. Kwa lita 3 kila dakika, nazo ni kidogo, inakula wati 3000 na zaidi. Ndiyo maana kwenye karto yake munasoma 3500 W, hata 5500 W.

Kuchemsha ndoo moja ya lita 20 hakumalizi umeme mwingi: ni theluthi moja tu ya kilowati-saa. Shida ni kwamba mashini inautaka wote mara moja. Ni sawa na gunia la mpunga: unaweza kulifikisha sokoni kidogo kidogo, lakini kulibeba lote kwa safari moja kunataka mgongo wenye nguvu. Basi, hesabu ni hii:

- Paneli ya jua ya wati 100 haiwezi. Mungehitaji paneli 35 chini ya jua kali kufikia 3500 W. Bateri ya volti 12 na ampea-saa 100 ingekwisha kwa dakika 20, kama nyaya hazijaungua mbele.
- Jenereta ndogo ya wati 2500 haiwezi pia. Itazimika ao itaharibika.
- Kwa umeme wa SNEL, 3500 W kwenye volti 220 ni ampea 16, na 5500 W ni ampea 25. Waya mwembamba wa taa utapata moto ndani ya ukuta, na nyumba inaweza kuungua. Inafaa waya wake peke yake kutoka kwenye konteri: milimita za mraba 4 kwa 3500 W, 6 kwa 5500 W, pamoja na dijonkta yake.

Hata waya ukiwa mzuri, munajua hali ya umeme wetu. Mtambo wa mto Tshopo ulijengwa miaka ya 1950, uko na mashini tatu, na mara nyingi si zote zinazozunguka. Umeme unakuja kwa zamu, tena unakuja zaifu. Volti zikishuka mpaka 160, mashini inatoa nusu tu ya moto wake. Na ukikatika, unaoga baridi, kwani haikuweka kitu.

Kwa nyumba kama hiyo, sisi tunaona chombo chenye tanki ni bora. Kile cha lita 30 na wati 1500 kinavuta ampea 7 tu. Kinafikisha maji digri 60 kwa muda usiofika saa moja, kisha kinayatunza moto hata umeme ukienda.

2. Nguvu ya maji

Mashini isiyo na tanki haiwaki kama maji hayasukumi. Pipa lililowekwa juu kwa metre 3 linatoa bari 0,3 tu. Someni kwenye karto ni bari ngapi mashini inaomba. Wenye kuteka maji kisimani kwa bido, hii si yenu kwa sasa.

3. Usalama

Umeme na maji vikikutana, mtu anaweza kufa. Musikubali kufunga mashini bila waya wa ardhi na bila kikata-umeme chenye alama 30 mA. Musiache fundi aseme “tutaongeza kesho”. Wenye kutumia gazi wafunge chombo inje ya bafu. Na mbabula vilevile: musiiingize ndani ya chumba kilichofungwa juu ya kupasha mtoto moto. Hewa yake haina harufu, na inaua watu wakilala.

Kwa wasio na umeme

Jua letu la ikweta ni la bure. Paka bido la lita 20 rangi nyeusi, lilaze juu ya bati toka saa nne ya asubuhi mpaka saa tisa. Siku ya jua utapata maji ya kuoga; si ya kunywa. Siku ya mvua, chemsha kwa sufuria yenye kifuniko: makala yanapungua.

Tunaomba jambo hili liingie katika mkutano wenu ujao. Wanamemba watano ao kumi wanaweza kulipa pamoja fundi mmoja mzuri, apime waya na volti katika kila nyumba. Kazi hiyo ifanyike mbele ya kununua. Mashini ikisha kufika nyumbani, muuzaji hatairudisha.