Ituri: Dhahabu yaacha mashimo na zebaki katika msitu wa okapi

Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992 mkoani Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 13,700, yaani karibu sehemu ya tano ya msitu wote wa Ituri. UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka mmoja baadaye ikaiingiza katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Sheria hairuhusu uchimbaji wa madini ndani yake. Hata hivyo, machimbo yapo.

Dhahabu inayotafutwa huko kwa sehemu kubwa ni ile iliyochanganyika na mchanga na changarawe za mabonde ya mito. Ili kuifikia, miti hukatwa, udongo wa juu huondolewa, na kijito huchepushwa. Tope la kuoshea mchanga hurudishwa mtoni, maji yakawa mazito, samaki wakakosa mazalio. Mashimo yaliyoachwa hujaa maji ya mvua na kuwa makao ya mbu waenezao malaria.

Neno "wadogo" linalotumiwa kwa wachimbaji hawa lisimhadae msomaji: penye karai na sururu, mara nyingi hufuata pampu, na baadaye mitambo ya kuchimbua.

Je, msitu hauwezi kujiotea tena? Shamba lililoachwa huota miti upesi kiasi, lakini machimbo ni jambo jingine. Utafiti uliofanywa Guyana, Amerika ya Kusini, na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika mashimo ya dhahabu miti hairejei kwa kasi ya kawaida, kwa sababu udongo wenye rutuba, hasa naitrojeni, umekwisha kuondoka.

Hatari isiyoonekana ni zebaki. Mchimbaji huichanganya na mchanga uliochekechwa ili ishikamane na chembe za dhahabu, kisha huchoma donge hilo. Zebaki hugeuka mvuke. Mwenye kuchoma huuvuta, na jirani yake pia. Sehemu nyingine huangukia mtoni, ambako vijidudu huigeuza kuwa aina yenye sumu kali zaidi inayojilimbikiza ndani ya samaki. Mjamzito anayekula samaki hao anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hususan ubongo na mishipa yake ya fahamu, ilhali mwenyewe hajahisi lolote.

Kwa Wambuti, wanaotegemea msitu huo kwa nyama, asali na dawa, hasara huanza mapema zaidi. Kambi ya wachimbaji huhitaji kitoweo, na wanyama wa karibu ndio hutangulia kutoweka.

Kuwaondoa wachimbaji kwa nguvu kumekuwa na gharama yake. Juni 2012, wapiganaji wa Mai-Mai waliohusishwa na ujangili na uchimbaji haramu walishambulia makao makuu ya hifadhi huko Epulu, wakaua watu, wakiwemo walinzi, pamoja na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, unataka uchomaji wa wazi ukomeshwe. Chombo kilichofungwa, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, kipo na si kigumu kutengenezwa. Lakini mchimbaji anayehamahama, asiye na leseni na mwenye deni kwa mnunuzi wake, hana sababu kubwa ya kukibeba.