Ufadhili wa masomo ya utafiti ng'ambo: Barua ya kukubaliwa chuoni pekee haitoshi

Barua kutoka chuo kikuu cha ng'ambo ikifika nyumbani, familia nyingi huanza kwa kuunda kamati ya harambee. Kadi huchapishwa, ng'ombe huuzwa, na wakati mwingine hatimiliki ya shamba hupelekwa benki kama dhamana. Mara nyingi barua hiyo inasema tu kwamba mwanafunzi amepata nafasi. Haisemi ni nani atakayelipa.

Wakazi wanaotaka kusomea shahada ya uzamili kwa njia ya utafiti, au shahada ya uzamivu, wanafaa kuielewa tofauti hiyo mapema. Habari njema ni kwamba katika ngazi hii vyuo na serikali nyingi za nje hulipia watafiti, kwa sababu kazi yao inahitajika. Anayejua pa kutafuta halazimiki kuuza shamba.

MASWALI MANNE YA KUIULIZA BARUA

Ufadhili kamili hujibu maswali manne: Nani analipa karo? Nani analipa posho ya kila mwezi ya chakula na nyumba? Nani analipa nauli na visa? Nani analipa bima ya afya? Jibu likikosekana kwa swali lolote, gharama hiyo ni ya mwanafunzi.

Mfano mzuri ni Ujerumani. Vyuo vikuu vingi vya umma huko havitozi karo, na wengi husikia hivyo wakadhani masomo ni bure. Lakini mwanafunzi asiye na mfadhili huhitajika kuonyesha pesa za kujikimu kabla ya kupewa visa, kwa kawaida katika akaunti maalumu ya benki. Kiwango kilichowekwa mwaka wa 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 1.5.

PESA ZINAPOPATIKANA

Kuna njia tatu kuu.

Ya kwanza ni ufadhili wa serikali na wakfu. Shirika la Ujerumani la DAAD, ambalo lina ofisi Nairobi, hufadhili uzamivu. Lina pia mpango unaomruhusu mwanafunzi kubaki chuoni kwake hapa nyumbani na kwenda Ujerumani kwa vipindi, akiongozwa na wasimamizi wa pande zote mbili. Mpango huo unawafaa walio na kazi au familia changa. Serikali ya Japani hutoa ufadhili wa MEXT kwa watafiti walio chini ya umri wa miaka 35, na maombi hupitia ubalozi wake Nairobi bila ada yoyote. Serikali ya China hupokea waombaji wa uzamili wasiozidi miaka 35 na wa uzamivu wasiozidi 40. Wakfu wa Gates Cambridge, ulioanzishwa mwaka wa 2000, hulipia masomo katika Chuo Kikuu cha Cambridge kwa raia wa nchi yoyote isipokuwa Uingereza.

Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unajulikana sana, lakini ni wa uzamili wa mwaka mmoja tu. Haulipii uzamivu. Anayeuomba anahitaji kuwa amefanya kazi kwa angalau miaka 2, na akimaliza masomo sharti arudi nyumbani kwa muda usiopungua miaka 2.

Njia ya pili ni vyuo vyenyewe. Nchini Marekani, wanafunzi wengi wa uzamivu huajiriwa na idara zao kama wasaidizi wa utafiti au wa kufundisha. Chuo huwaondolea karo na kuwalipa posho. Nafasi hizi huja pamoja na barua ya kukubaliwa, kwa hivyo mwombaji anafaa kuiuliza idara mapema kama huwalipia wanafunzi wake.

Njia ya tatu haijulikani na wengi: kuomba kazi. Katika nchi kama Norway, Sweden na Uholanzi, uzamivu kwa kawaida ni ajira yenye mshahara, na nafasi hutangazwa katika kurasa za kazi za vyuo. Umoja wa Ulaya pia hulipia watafiti kupitia mpango wa Marie Skłodowska-Curie, ulio wazi kwa raia wa nchi zote. Anayetafuta neno "ufadhili" peke yake huzikosa nafasi hizi, kwa sababu hutangazwa kama kazi.

MSIMAMIZI NDIYE MLANGO

Kwa masomo ya utafiti, mara nyingi mwombaji hutafuta msimamizi kwanza, yaani profesa atakayemwongoza. Barua pepe inayosema tu "naomba nafasi ya uzamivu" huishia bila jibu. Inayojibiwa ni fupi, inaonyesha kwamba mwombaji amesoma kazi ya profesa huyo, na inataja swali moja la utafiti.

Hapo ndipo mkazi wa kaunti ana nguvu. Aliyekulia palipovamiwa na mathenge, au aliyeona mahindi ya familia yakitupwa kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, analifahamu tatizo ambalo maabara ya mbali inalisoma vitabuni. Swali linalotoka nyumbani huwa na uzito kuliko lililonakiliwa.

Atakayerudi kukusanya data nchini akumbuke kwamba utafiti wowote Kenya unahitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Hilo liingizwe katika ratiba ya utafiti tangu mwanzo.

JIHADHARI NA MATAPELI

Wafadhili halali hawauzi nafasi. Vyuo vingine hutoza ada ndogo ya maombi, lakini hulipwa chuoni moja kwa moja, na vingi huiondoa mwombaji akieleza hali yake. Anayeomba pesa zitumwe kwa simu ya mtu binafsi, anayeahidi "nafasi ya uhakika", au anayeharakisha familia ilipe kabla ya jioni, aepukwe. Barua yoyote ithibitishwe kwa kuuliza chuo au ubalozi kupitia anwani iliyo katika tovuti yao rasmi, wala si ile iliyoandikwa katika barua inayotiliwa shaka. Aliyekwisha kutapeliwa ahifadhi risiti na ujumbe wote, kisha apige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Wakazi wafahamu pia kwamba chini ya Jedwali la Nne la Katiba, elimu ya chuo kikuu ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hivyo mtu yeyote anayedai kwamba anaweza kumuingiza mwanafunzi katika orodha ya ufadhili wa serikali ya nchi nyingine kupitia ofisi ya kaunti anadanganya.

KUJIANDAA KUANZE SASA

Maombi mengi ya Ulaya na Marekani hufunguliwa na kufungwa kati ya Agosti na Januari, kwa masomo yanayoanza Septemba inayofuata. Maana yake ni kwamba mwombaji anahitaji takribani mwaka mzima. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen. Matokeo rasmi ya chuo yachukuliwe mapema. Walimu wawili au watatu waombwe barua za mapendekezo wakiwa na muda wa kuziandika vizuri. Mtihani wa Kiingereza ukihitajika, matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka 2, kwa hivyo usifanywe mapema mno. Vyuo vingine hukubali barua inayothibitisha kwamba mwombaji alisomea shahada yake kwa Kiingereza, na kuuliza hakugharimu chochote.

Kisha, barua ikifika, isomwe na familia nzima pamoja na yale maswali manne. Kadi za harambee zisubiri hadi yote yajibiwe.