Kamera ya Nyumbani Isiwe Tundu la Mlango

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kutoka kwa Sahl bin Sa'd (RA), kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu la mlango wa Mtume (SAW). Mtume (SAW) alikuwa na kichana cha chuma akijikunia kichwa. Alimkemea vikali mtu yule, akabainisha kuwa lau angelijua anachunguliwa angelimchoma jicho, na kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya jicho. Basi nyumba huingiwa kwa macho kabla ya kuingiwa kwa miguu.

Ndugu msomaji, hapa Songea, kuanzia Mfaranyaki hadi Bombambili, kamera za ulinzi zimeingia madukani, misikitini na majumbani. Nia ni njema: kuzuia wezi, kulinda sanduku la sadaka, na kumwezesha baba aliye safarini Dar es Salaam au Muscat kuona kuwa wanawe wamerudi madrasa salama. Hata hivyo, ipo njia moja ya kumfikishia picha hizo ambayo huivunja sitara ya nyumba.

Ruta ni kama bawabu. Kwa kawaida huruhusu mawasiliano yaliyoanzishwa na waliomo ndani, na huyakataa yanayogonga kutoka nje. Fundi anaweza kuingia katika mipangilio yake na kumwamuru kwamba kila anayegonga mlango fulani, ambao mafundi huuita poti, apelekwe moja kwa moja kwenye kamera. Baba ataona picha. Lakini mlango ule haumjui baba. Humfungulia kila agongaye, na kinachobaki kumzuia mgeni ni neno la siri tu, ambalo mara nyingi ni lile lile lililotoka kiwandani.

Asidhani mtu kuwa Songea ni mbali, hakuna atakayeiona nyumba yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionesha kuwa kompyuta moja inaweza kugonga anwani zote za intaneti, takriban bilioni 4, kwa muda usiofika saa moja. Mwaka 2014 iligunduliwa tovuti iliyorusha picha za moja kwa moja kutoka maelfu ya kamera duniani, vikiwemo vyumba vya watoto, kwa sababu tu wenyewe hawakubadili neno la siri. Na mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta za watu kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60. Vifaa vya namna hiyo vilitumiwa Novemba mwaka huo kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia. Wenye kamera hawakujua kuwa mali yao inatumika kudhulumu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabia kosa anayeingia katika mfumo wa kompyuta wa mwenzake bila idhini. Lakini mchunguliaji aliye bara jingine si rahisi kumfikia, na sitara ikishavuliwa haivaliki tena.

Yafaa basi kufanya haya. Kwanza, badili neno la siri la ruta na la kamera, kila moja na lake. Pili, mwambie fundi afunge poti zote alizofungua, na azime kipengele cha UPnP, ambacho huviachia vifaa vijifungulie milango bila wewe kujua. Tatu, mwenye haja ya kutazama akiwa mbali atumie VPN, yaani njia ya siri inayomtambua mtumiaji kabla ya kumpitisha. Nne, sasisha programu ya kamera. Tano, kamera ielekezwe getini na uani, isiwekwe chumbani wala pale wanawake wanapovua hijabu.

Katika Sura An-Nur, aya ya 58, Allah (SWT) ameweka nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani hawaingii bila kuomba ruhusa. Ikiwa mtoto wetu abishe hodi, vipi mgeni asiyejulikana aachiwe mlango wazi usiku na mchana? Kila baba ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Allah atusitiri.