Siku moja Kwale: Kutoka Msikiti wa Kongo hadi pango la Shimoni

Simama stejini Ukunda Jumamosi asubuhi uhesabu magari. Van za watalii zinapita moja baada ya nyingine kuelekea kusini, vioo vimefungwa, kiyoyozi kimewashwa. Ndani kuna wageni walionunua ziara ya siku moja: gari lao, dereva wao, vituo vinne au vitano, chakula cha mchana, kisha hotelini kabla ya magharibi. Nje, juu ya bodaboda zilizopangwa kando ya lami, wamekaa vijana wa Ukunda, Mwabungo na Kinondo wanaosubiri abiria. Waulize ni wangapi wameingia pango la Shimoni. Wengi watacheka tu.

Si uvivu. Tumekua tukiambiwa hayo ni mambo ya wazungu. Shuleni, basi la safari likipatikana, linavuka feri ya Likoni kwenda Fort Jesus, na huku kwetu panabaki pa kupita. Matokeo yake kijana wa Msambweni anajua Vasco da Gama alifika Malindi mwaka gani, lakini hajui ni nani aliyekuwa akitawala Gazi, kilomita chache kutoka kwao.

Sasa, ziara hiyo hiyo mnaweza kuifanya wenyewe. Mabeshte watano, Probox moja ya kukodi, basi. (Tuktuk ni tamu Diani, lakini kufika Shimoni nayo mtashuka mmevunjika viuno.) Patana bei ya siku nzima, mafuta ndani, na si bei ya kila kituo. Beba kitambulisho, kwa sababu sehemu nyingi raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Na katika kila kituo chukueni mtu wa pale pale awatembeze. Dereva anajua barabara. Historia ya mahali muulize aliyezaliwa hapo.

Kwa nini siku moja, na si wikendi tano tofauti? Kwa sababu sehemu hizi zinajibizana. Ukiona Gazi leo na Shimoni mwaka ujao, utaondoka na hadithi mbili nzuri. Ukiziona siku moja, utagundua ni hadithi moja, na haipendezi yote.

Anzeni alfajiri, mwisho wa kaskazini wa ufuo wa Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Ng'ambo ya mto ni Tiwi. Upande huu, katikati ya mibuyu mikubwa, upo Msikiti wa Kongo. Wanaowatembeza wageni huutaja kuwa wa karne ya 14. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, ndani kuna ubaridi hata jua likiwaka. Watu bado wanaswali humo, kwa hiyo usiingie kama unaingia supamaketi. Omba ruhusa, vua viatu, jistiri, na ikiwa ni wakati wa swala, kaa chini ya mbuyu usubiri.

Cha kufikiria hapo ni kile usichokiona. Msikiti haujengwi porini. Palikuwa na watu hapa, na nyumba, na mashua zilizoingia kwa mdomo wa mto. Mji umekwenda, msikiti umebaki. Ndivyo ilivyokuwa pwani hii nzima: kaskazi ikivuma vyombo vinakuja kutoka Uarabuni na India vikiwa na shanga na vitambaa vya Gujarat, kusi ikigeuka vinarudi na pembe za ndovu, mikoko na ambari. Na watu pia, ingawa hapo Kongo hakuna atakayekuanzia na hilo. Leo, kutoka barabara kuu ya Diani, mtu anaweza kutembea kitambo kirefu kati ya kuta za hoteli kabla ya kuona kichochoro cha kumfikisha baharini. Ukiuona msikiti umesimama wazi, bila geti wala mlinzi wa kukuuliza unaenda kwa nani, utashusha pumzi.

Kutoka hapo mfuate barabara ya ufuo kusini mpaka lami ya hoteli iishe, mfike Kinondo.

Kaya Kinondo ni msitu mdogo, hekta 30 hivi, na ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kaya maana yake ni kwao, nyumbani. Kwa masimulizi ya Wamijikenda, walipotoka Singwaya kule kaskazini walijenga vijiji vyao ndani ya misitu minene ili maadui wasiwafikie. Baadaye watu walitoka wakatawanyika mashambani, na kaya zikabaki mahali pa makaburi, dua na siri. Kinondo ni ya Wadigo, na tangu 2001 wenyeji wamekuwa wakiwapokea wageni kwa masharti yao wenyewe.

Masharti yenyewe ni haya: unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, mwanamume kwa mwanamke. Hakuna kubusiana humo. Huchumi, huvunji, huokoti hata kijiti kikavu. Kuna sehemu ambazo hutaonyeshwa, na ukiuliza mara ya pili utajibiwa kwa tabasamu tu. Mtaambiwa mkumbatie mti mkubwa na kuutajia shida zako. Cheka ukitaka, lakini ujaribu.

Vijana wengi nikiwatajia kaya wananiuliza kuhusu uchawi. Hapo ndipo mzaha unapoisha. Huku Kwale na kule Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta kuna shamba linalogombaniwa. Kila mzee anayeuawa hivyo anaondoka na majina ya miti, mipaka ya kaya, na habari za nani alizikwa wapi. Na msitu usio na mzee hauchukui muda kugeuka ploti. Kisiwa cha Chale, hapo mbele kidogo ya Kinondo, nacho ni kaya, na hoteli ipo pale tangu miaka ya 1990.

Rudini barabara kuu ya Lunga Lunga. Gazi iko kushoto, na van nyingi huipita bila kupunguza mwendo. Wanaosimama huenda kwa mikoko, na mikoko ina haki yake: akina mama wa Gazi wamejenga njia ya mbao inayokupitisha katikati ya miti, maji yakipanda na kushuka chini ya miguu yako, na mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013, unahifadhi hekta 117 za mikoko. Fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule za Gazi na Makongeni. Mwaka 2017 ulishinda tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kijana anayesema mazingira hayalipi aende Gazi kwanza.

Lakini ingieni kijijini pia, muulize habari za Mbaruk.

Sheikh Mbaruk bin Rashid alikuwa wa ukoo wa Mazrui, waliotawala Mombasa mpaka Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alipowapokonya mwaka 1837. Waliobaki waligawanyika: wengine Takaungu, wengine Gazi. Mbaruk aliasi dhidi ya sultani mara kadhaa, na Waingereza walipokuja kujitangazia himaya mwaka 1895, akaasi tena. Walimchomea ngome yake ya Mwele, huko bara ya Kwale, Agosti 1895. Hakukamatwa. Wakaletwa askari kutoka India kuongeza nguvu, na Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka na watu wake kuingia upande wa Wajerumani. Alifia Dar es Salaam mwaka 1910, hakurudi tena Gazi.

Ni hadithi ya shujaa, na inasimuliwa hivyo. Mtu mmoja alikataa kupiga magoti, ikabidi dola iagize wanajeshi kuvuka bahari ya Hindi. Ukiwa umesimama hapo Gazi unajisikia kuvimba kifua, na kwa nini usijisikie?

Shikilia hisia hiyo mpaka Shimoni.

Msambweni simameni kula. Sitawachagulia hoteli, tafuteni mahali penye moshi na foleni, muagize samaki wa kupaka au wali wa nazi, na madafu ya kuteremshia. Hapo Ramisi mtapita mashamba ya miwa. Kiwanda cha zamani cha sukari kilikufa miaka ya 1980, na wazee wa huku bado wanahesabu miaka kwa kusema kabla ya Ramisi kufungwa na baada yake.

Kanana mtakata kushoto, na baada ya kilomita 14 hivi mtafika mwisho wa nchi kavu. Shimoni. Jina lenyewe linasema yote: kwenye shimo. Ilikuwa kituo cha kampuni ya Waingereza iliyokuja kabla ya serikali yao, ile Imperial British East Africa Company, na majengo ya enzi hizo mengine yamesimama, mengine ni kuta tu na mizizi. Siku hizi pia kuna mradi wa bandari mpya ya uvuvi, na kijiji kinabadilika mbele ya macho ya watu.

Pango liko hatua chache kutoka baharini. Unashuka ngazi, jicho linazoea giza, popo wanalalamika juu, mawe yamening'inia kama meno. Mwenyeji atawaonyesha vyuma vilivyopigiliwa ukutani na kueleza kwamba watu waliokamatwa bara walifungwa humu wakisubiri majahazi ya kwenda Zanzibar. Sultani Barghash alitia sahihi kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873, lakini marufuku ya karatasi haikumzuia mwenye jahazi, na mahali pa kufichia palizidi kuwa na thamani. Kuwa mtumwa kwenyewe, kisheria, kulikomeshwa pwani ya Kenya mwaka 1907. Hesabu vizazi. Si mbali.

Hapo sasa ndipo mtu wa pale pale ana faida. Pango hili lina masimulizi zaidi ya moja. Wapo wanaokumbuka zaidi kwamba wazee wao walijificha humu Wamaasai walipovamia. Wapo waliolifanya mahali pa kutolea sadaka na kuomba, na hiyo si habari ya kale tu. Pango la mateso, pango la kujiokoa, pango la ibada, yote ni shimo moja. Van yenye haraka huchukua simulizi la kwanza tu, kwa sababu ndilo linalotoshea dakika 20.

Na kuna swali ambalo wageni huliuliza kirahisi kuliko sisi: nani aliwauza? Jibu la haraka ni Waarabu. Sehemu yake ni kweli. Lakini misafara haikujiongoza yenyewe kutoka bara. Kulikuwa na waliokamata, waliotembea nao, waliowalisha njiani, waliopokea vitambaa vile vya Gujarat, na baadhi yao walizungumza lugha tunazozungumza. Na mashamba ya Mazrui, Gazi na Takaungu, yalilimwa na watumwa. Yule shujaa wa saa sita mchana ndiye huyu huyu. Mbaruk alipigania uhuru wake. Wapo waliokimbia mashamba ya mabwana kama yeye wakitafuta wa kwao.

Dada mmoja kwenye kundi letu alisema angependelea kama tungeanzia Shimoni, ili Gazi imsafishe moyo wakati wa kurudi. Nilimwelewa. Lakini huku pwani ukitaja utumwa mbele ya watu wazima, mazungumzo hugeuzwa kwa upole kabisa. Kuna nyumba ambazo nasaba yake haiulizwi ilianzia wapi. Mwenyeji kijana anayeweza kusimama ndani ya pango na kusema haya bila kutukana kabila la mtu anafanya kazi ngumu, na anastahili kulipwa kama mtaalamu. Kiingilio cha pango husimamiwa na wanakijiji wenyewe, na kimesaidia karo na mahitaji mengine ya hapo. Usibishane bei.

Mkiwa na muda, chukueni mashua mvuke Wasini. Kisiwa hakina gari hata moja. Wavumba wana lahaja yao, Kivumba, na ukisikiliza vizuri utaokota maneno ambayo hujawahi kuyasikia redioni. Akina mama wana njia yao ya mbao juu ya bustani ya mawe ya matumbawe. Ulizeni mapema kuhusu maji, maana wakati wa bamvua bahari hupanda ikajaa chini yenu, na maji mafu mtaona mawe makavu na kaa tu. Hifadhi ya Kisite-Mpunguti na pomboo wake muiache siku nyingine. Hiyo huanza asubuhi, kabla upepo haujaamka, na haichanganyiki na siku ya mapango.

Mwambieni nahodha saa ya kurudi kabla hamjapanda, na dereva asiondoke Shimoni hata akiapa atarudi. Magharibi ikiingia, matatu za kwenda Kanana huwa za kubahatisha.