Samaki Wanahema Alfajiri? Vuruga Uso wa Maji

Umezika akiba yako kwa bwawa la tilapia. Jioni uliwarushia chakula, wakakirukia kama kawaida. Saa kumi na moja alfajiri unawapata wote juu, midomo wazi, wengine wamegeuka matumbo. Akili inakimbilia kwa jirani mwenye wivu na sumu. Polepole, usianzishe vita. Mara nyingi muuaji ni maji yaliyotulia.

Cheki hesabu. Lita moja ya hewa unayovuta ina mililita 210 hivi za oksijeni. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25, hata yakishiba kabisa, ina kama mililita 6 tu. Joto likipanda, kiasi hicho kinapungua. Kwa ufupi, samaki anaishi kwa bajeti ngumu kuliko yako ya mwisho wa mwezi.

Mchana, mwani, ile rangi ya kijani unayoona majini, hutengeneza oksijeni kwa kutumia jua. Usiku kiwanda kinafungwa, lakini mwani wenyewe unaendelea kupumua, samaki pia, na bakteria wanaokula mabaki ya chakula kule chini. Ndiyo maana oksijeni huwa chini zaidi kabla ya jua kuchomoza. Jana ikiwa ilikuwa ya mawingu, hali inakuwa mbaya mapema zaidi.

Sasa tegemeo ni hewa iliyo juu ya maji. Si iko tele? Iko, ila mlango ni mgumu. Maji yakitulia kama kioo, tabaka la juu lisilofika hata milimita moja hushiba oksijeni haraka, kisha mambo yanakwama hapo. Ndani ya maji, oksijeni ikijisukuma yenyewe husonga polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani.

Fikiria matatu pale steji. Abiria wamejazana mlangoni, nyuma viti ni vitupu, na nje watu wanaachwa. Makanga akikomaa na "songeni nyuma!", wengine wanaingia. Kwa bwawa, makanga ni msukosuko. Mawimbi na vizunguko vidogo huvuta maji yaliyoshiba kwenda chini na kupandisha yale yenye njaa ya hewa. Kaboni dioksidi nayo hutokea mlango huohuo.

Hata vile viputo unavyoona kwenye tangi la samaki wa mapambo, si ati ndivyo vinabeba oksijeni yote. Kwa tangi fupi vinapanda na kupasuka haraka. Kazi yao kubwa ni kuinua maji na kuvuruga uso.

Kwa sababu hiyo gugumaji likitanda Ghuba ya Winam, samaki wanaumia. Linazuia upepo kugusa maji na jua kufikia mwani. Lakini upepo pia una siku zake: ziwani unaweza kupandisha maji ya chini yasiyo na oksijeni hadi kwa vizimba, na hasara ikaja usiku mmoja.

Somo ni hili: vuruga juu, usikoroge matope. Matope yakipanda, yanakula oksijeni iliyobaki. Kama una pampu, vuta maji ya juu, yarushe hewani yaanguke kama mvua, na uiwashe usiku wa manane badala ya kungoja samaki waanze kuhema. Stima ikipotea, ndoo inasaidia: chota, inua, mwaga kutoka juu, rudia. Asubuhi hiyo usiwalishe, kwa sababu kusaga chakula kunahitaji oksijeni zaidi. Na usizungushie bwawa ua mrefu unaokata upepo.

Halafu kuna hii ya kuchimba kina zaidi ili uongeze samaki. Hapo umeongeza vyumba, mlango umebaki uleule. Kabla ya kutoa chapaa ya vifaranga wengine 500, pima upana wa bwawa, uulize: nani atawavurugia maji saa tisa usiku?