Istilahi: Kutia Hewa Ziwani kwa Upepo

Msemo “kutia hewa” umezoeleka kwa magurudumu. Je, wafaa kwa maziwa?

Wakati wa joto, maji vuguvugu huelea juu ya maji baridi, na matabaka hayo hayachanganyiki. Vitu viozavyo chini humaliza oksijeni, samaki wakakosa pumzi. Fosforasi iliyoshikwa na tope nayo huachiliwa, ikarutubisha mwani. Katika Ziwa Victoria, pepo za kusini-mashariki huyakoroga matabaka kila mwaka, yapata Julai. Katika ziwa dogo lililodhoofika, kinu cha upepo huweza kuendesha pampu isukumayo hewa kwa mpira hadi chini. Mapovu yapandapo huinua maji ya chini. Kwa kawaida oksijeni nyingi huingia maji hayo yagusapo hewa juu, wala si kutoka katika mapovu.

Kwa hiyo “kupuliza” hutaja kifaa tu, na “kukoroga” hutaja njia. “Kutia hewa” hutaja lengo, nasi twaupendekeza msemo huo. “Kukoroga matabaka” ubaki kuwa jina la njia. Tofauti hii si ya maneno matupu: siku ya shwari, ziwa lihitajipo hewa zaidi, kinu husimama. Ziwa lenye kinu si lazima liwe limetiwa hewa.